Video za masomo tulizolipia zimekataa kufunguka kwenye kompyuta mpya: tulinunua nini hasa?

Mwalimu wa Matamba

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wa kiufundi na wa kisheria katika jambo ambalo limeikwamisha shule yetu tangu muhula huu ulipoanza.

Ninafundisha Fizikia na Kemia katika shule ya sekondari iliyo upande wa Matamba, wilayani Makete, mahali ambapo mtandao wa simu hupatikana kwa uhakika pale tu unapopanda kilima kilicho nyuma ya bweni la wavulana. Maabara yetu ina upungufu mkubwa wa vifaa, na kwa sababu hiyo kamati ya shule ilikubali kutenga fedha za kununua mfululizo wa video za majaribio ya sayansi pamoja na vitabu kadhaa vya kidijitali kutoka kwa kampuni moja ya nje inayouza bidhaa zake kwa njia ya mtandao. Nilishuka Mbeya mjini, nikalipia kwa kadi ya benki, nikapakua kila kitu katika duka moja la Mwanjelwa lenye intaneti ya kasi, nikahifadhi kwenye diski ya nje na kurudi shuleni nikijua kwamba suala la vifaa vya kufundishia limepata ufumbuzi, angalau kwa miaka michache.

Video hizo hazifunguki kwa programu za kawaida zinazopatikana katika kila kompyuta. Ni lazima zifunguliwe kwa programu ya kampuni yenyewe, na programu hiyo kila baada ya siku 30 hudai iunganishwe na intaneti ili ihakiki leseni. Nilikubaliana na usumbufu huo. Kila leseni ilipokaribia kuisha nilibeba kompyuta hadi kilimani, nikawasha intaneti ya simu na kuketi juu ya jiwe nikisubiri mstari wa kijani ujae, huku bando likiliwa na masasisho ambayo sikuyaomba. Msimu wa mvua, mnara unapokosa umeme kwa siku kadhaa mfululizo, Kidato cha Tatu walikosa somo ambalo limelipiwa na lipo palepale ndani ya diski.

Mwezi uliopita radi ilipiga na kompyuta ikaungua mazabodi (ubao mkuu wa ndani). Diski ya nje ilisalimika kwa kuwa ilikuwa kabatini. Mkuu wa shule alipata kompyuta nyingine, nikaweka programu ile, nikaingiza jina na neno la siri, nikabofya video ya kwanza, na yakatokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi yakisema kwamba leseni ya maudhui haya haipo kwenye kifaa hiki. Nilipowaandikia wauzaji, walinijibu kwa adabu kwamba akaunti yetu inaruhusu vifaa viwili, kwamba nafasi zote mbili zimejaa (moja ni kompyuta iliyoungua na nyingine ni simu ya mkuu wa shule), na kwamba ili kuondoa kifaa natakiwa nifungue programu ndani ya kifaa hicho hicho na kubonyeza kitufe cha kujiondoa. Kwa lugha nyingine, nimeelekezwa nikabonyeze kitufe ndani ya kompyuta ambayo haiwaki.

Jambo linaloniudhi zaidi ni hili. Nikiwa Chimala nasubiri gari la kupanda milima, nilimkuta kijana mwenye meza ya kuingiza muziki na muvi kwenye kadi za simu, na katika orodha yake zilikuwemo video zile zile tulizonunua, zikiwa wazi kabisa, hazihitaji leseni, hazihitaji kilima, na bei yake haifiki hata nauli yangu ya kushuka hapo. Sikununua. Lakini njia nzima nilijiuliza kufuli lile limewekwa kwa ajili ya nani, ikiwa aliyelipa ndiye aliyefungiwa nje na asiyelipa anatazama atakavyo.

Naomba kujua kama kuna njia halali ya kurudisha leseni yetu, kama sheria ya Tanzania inaniruhusu kutengeneza nakala isiyo na kufuli ya kitu nilicholipia, na pia kamati izingatie nini kabla ya kutoa tena fedha za wazazi kwa bidhaa ya namna hii.

Fundi Mwanjelwa

Shikamoo Mwalimu. Pole sana kwa radi.

Kwanza nikuondoe wasiwasi kuhusu diski: mafaili yako ni mazima. Kinachokosekana ni ufunguo. Kampuni hizi hulivuruga faili kwa hesabu za siri ili lisisomeke, kisha ufunguo wa kulirudisha katika hali yake hukaa kwenye seva yao (kompyuta yao kuu iliyo mtandaoni) na hutolewa kwa kompyuta moja moja, ukiwa umefungamanishwa na utambulisho wa vifaa vya ndani kama vile mazabodi na diski kuu. Ndiyo maana hata ungehamisha diski kuu ya zamani kwenda kwenye mashine mpya, programu ingeiona kuwa ni mashine ngeni. Nimekwisha kuona wateja wakibadilishiwa mazabodi tu, kila kitu kingine kikiwa kile kile, na vitabu vyote walivyonunua vikagoma siku hiyo hiyo.

Waandikie tena, lakini safari hii usiombe kuondoa kifaa. Omba wafute vifaa vyote vilivyosajiliwa kwenye akaunti, kwa sababu kazi hiyo hufanywa na mtumishi wao akiwa kwenye seva na haihitaji kifaa chako kiwe hai. Ambatisha risiti ya malipo na picha ya namba ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta iliyoungua. Mara nyingi hukubali wakishabanwa kwa maandishi, ingawa baadhi yao huruhusu mara moja tu kwa mwaka.

Kuna jambo la pili ambalo hujaliuliza na ambalo naona linakuja. Je, mnatumia projekta ya zamani yenye waya wa VGA, ule mpana wenye pini nyingi? Na kompyuta mpya ina tundu la HDMI peke yake, lile dogo bapa la picha na sauti? Ikiwa ndivyo, mtalazimika kuweka kiunganishi cha kubadilisha HDMI kuwa VGA, na hapo mtakutana na kufuli jingine liitwalo HDCP, ambalo lilibuniwa na kampuni ya Intel. Kabla ya kutoa picha, kompyuta huuliza kifaa kilicho upande wa pili kama kina kibali cha kupokea video iliyolindwa, na viunganishi vingi vya bei nafuu pamoja na projekta za zamani havina jibu la kutoa. Matokeo yake, kwenye kioo cha kompyuta video inaonekana, lakini ukutani mnapata weusi mtupu na sauti. Wateja wengi huniletea projekta wakidhani taa imeungua, kumbe projekta haina tatizo lolote.

Wala mambo haya hayakuanza na intaneti. Wengi hapa mnakumbuka deki za DVD. Dunia iligawanywa katika kanda, na Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, iliwekwa kanda ya 5, wakati Afrika Kusini iliwekwa kanda ya 2 pamoja na Ulaya na Japani. Madereva wa malori waliokuwa wakirudi kupitia Tunduma na DVD halali kabisa, zenye risiti za maduka ya Afrika Kusini, walifika kwangu wakilalamika kwamba deki inaandika kosa la kanda. Kwenye kompyuta, kiendeshi cha DVD kilikuruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, baada ya hapo kilibaki kwenye kanda ya mwisho moja kwa moja. Deki za bei rahisi za Kichina ndizo zilizotuokoa, kwa kuwa watengenezaji wake hawakujali kanda hata kidogo. DVD za kuchomwa za mitaani nazo hazikuwa na kanda, kwa hiyo hazikumsumbua mtu yeyote, jambo ambalo linafanana sana na ulichokiona Chimala.

Wakala wa Ving'amuzi, Ipogolo

Mwalimu nakuheshimu, na kwa suala lako kampuni imekosea. Hata hivyo naomba tusiseme kana kwamba kila kufuli ni uonevu. Mimi ninaishi kwa biashara ya ving'amuzi. Tangu Mbeya ilipoingia katika matangazo ya dijitali mwaka 2013 na mikoa mingine kufuata, nimeona jinsi kadi na namba za siri zinavyowezesha mpira wa moja kwa moja kuoneshwa kwa mtu anayelipia mwezi mmoja mmoja. Bila kinga hiyo, mtu mmoja angelipia na kijiji kizima kikatazama, kisha mwaka unaofuata hakuna anayenunua haki za kuonesha ligi. Wenye vibanda umiza wanajua ninachosema, maana wengine wao hutumia kadi ya nyumbani kuwatoza watu kiingilio.

Fundi Mwanjelwa

Kaka, tofauti ipo kwenye malipo. Mteja wako analipia mwezi, na mwezi ukiisha anajua kwamba picha itakatika. Mwalimu hakulipia mwezi. Aliambiwa ananunua, akalipa bei ya kununua, na akapewa kitu kinachofanya kazi kwa masharti ya kukodi.

Kuhusu kuzuia wizi, historia haiko upande wa makufuli ya kwenye nakala. Kufuli la DVD lilivunjwa mwaka 1999 kwa programu ndogo iliyosambazwa na kijana wa Norwei, Jon Lech Johansen, akiwa na umri wa miaka 15. Anayetaka kuiba anahitaji mtu mmoja tu duniani avunje mara moja, na baada ya hapo nakala zote zinazosambaa hazina kufuli tena. Anayebaki nalo maisha yake yote ni mnunuzi. Mwaka 2005 mambo yalifikia mahali ambapo kampuni ya muziki ya Sony BMG walificha programu ndani ya CD za muziki, ukiiweka CD kwenye kompyuta ya Windows inajisakinisha kimya kimya, inajificha, na inaacha mwanya ambao virusi viliutumia. Mtaalamu Mark Russinovich alipoianika hadharani, walilazimika kuzirudisha CD hizo kutoka madukani. Aliyenunua CD halisi aliambukizwa. Aliyepakua nyimbo hizo hizo bila kulipa alikuwa salama.

Wakili wa Miyomboni

Mwalimu, nitajibu sehemu ya sheria kwa jumla, na jibu hili lisichukuliwe badala ya ushauri wa wakili aliyeyasoma masharti uliyoyakubali.

Sheria inayohusika nchini ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Sheria hiyo inampa mwenye kazi haki ya kuamua nani anakili, lakini inaweka pia matumizi huru, miongoni mwake kunakili kazi iliyochapishwa kihalali kwa ajili ya matumizi binafsi ya mtumiaji mwenyewe, na kutumia kazi kama kielelezo cha kufundishia kwa kiwango kinachostahili kusudi hilo. Nakala ya akiba ya video kwa ajili yako nyumbani ingekaa vizuri chini ya kipengele cha kwanza. Kuonesha darasani si matumizi binafsi, kwa hiyo shule ingepaswa kusimama kwenye kipengele cha ufundishaji, ambacho ni chembamba zaidi kuliko walimu wengi wanavyodhani, hasa pale kazi yenyewe inapokuwa imetengenezwa mahsusi kwa ajili ya kuuzwa shuleni.

Ugumu uko kwenye kufuli. Sheria hiyo hiyo inaharamisha kutengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya kuuza au kukodisha, vifaa vilivyobuniwa mahsusi kukwepa kinga za kunakili. Kwa hiyo unaweza kujikuta una haki ya kunakili lakini huna mahali halali pa kupata chombo cha kunakilia, na haki ya namna hiyo haina manufaa makubwa kwa mtu wa Matamba. Marekani walikwenda mbali zaidi kwa sheria yao ya mwaka 1998, ambayo inamgusa hata anayefungua kufuli kwa ajili yake mwenyewe. Kinyume chake, yule kijana wa Norwei aliyetajwa na Fundi alishtakiwa na akaachiwa huru mwanzoni mwa 2003, na tena katika rufaa mwishoni mwa mwaka huo huo, mahakama ikiona kwamba mtu aliyenunua diski kihalali ana haki ya kuitazama kwa chombo alichokichagua. Hukumu hiyo haifungi mahakama zetu, lakini hoja yake ni ya kuheshimika na sioni sababu ya wakili wa hapa kuogopa kuitumia.

Swali lako la kwamba mlinunua nini, jibu lake limo ndani ya yale masharti marefu yanayokubaliwa kwa kubofya. Kwa kawaida husema kwamba umepewa leseni isiyohamishika, inayoweza kuondolewa. Si maneno ya kujaza karatasi. Mwaka 2009 Amazon waliingia ndani ya vifaa vya kusomea vitabu vya Kindle vya wateja na kufuta vitabu viwili vya George Orwell ambavyo watu walikuwa wamekwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviweka sokoni hakuwa na haki. Fedha zilirudishwa na Jeff Bezos mwenyewe aliomba radhi, lakini kitendo kilikuwa kimethibitisha kwamba mkono wao unafika hadi kwenye rafu ya mnunuzi. Mwaka 2019 Microsoft walifunga duka lao la vitabu na vitabu vyote vilivyouzwa humo vikaacha kufunguka. Walirudisha bei, na waliokuwa wameandika maelezo yao pembeni mwa kurasa waliongezewa dola 25 kama fidia ya kazi iliyopotea. Mwalimu yeyote anayejua thamani ya maandalio yake ya somo atapima mwenyewe kama kiasi hicho kinatosha.

Yapo mabadiliko. Kuanzia Januari 1, 2025, jimbo la California linamkataza muuzaji kumwambia mteja kwamba ananunua bidhaa ya kidijitali bila kumweleza waziwazi kwamba anachopata ni leseni, isipokuwa pale bidhaa inapoweza kupakuliwa na kubaki kwa mteja daima bila kuhitaji intaneti. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo, lakini tunayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kupotosha wateja, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko. Siahidi kwamba Tume itaifikia kampuni isiyo na ofisi nchini. Hata hivyo, barua yako kwa wauzaji ikitaja kwamba tangazo lao lilisema unanunua, na kwamba siku ya kulipa hukuelezwa kwa uwazi kuhusu ukomo wa vifaa viwili, itasomwa na mtu mwingine tofauti na yule anayejibu maswali ya kitufe. Hifadhi picha ya ukurasa wa tangazo kabla hawajaubadilisha.

Katibu wa Kwaya, Njombe

Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Nimesoma yote na naomba niseme kwa upande wa wanaotengeneza kazi, kwa kuwa wenye kampuni hupenda kusema kwa niaba yetu.

Kwaya yetu imerekodi tangu enzi za kaseti. Tulipotoa albamu, nakala za kuchomwa zilifika Makambako kabla zetu hazijafika, na mtu aliyekuwa akiziuza pale njiapanda hakujua hata jina la kanisa letu. Kwa hiyo nakushukuru kwa kutonunua kwa yule kijana wa Chimala, na wale wanaosema kwamba kununua kwake ni kuikomoa kampuni naomba wajue kwamba mwimbaji hapati hata senti pale.

Lakini kufuli halikutusaidia. Msambazaji wetu aliwahi kutushauri tuuze kupitia mfumo unaofunga nyimbo kwenye simu moja. Wazee wa usharika walinunua, wakabadilisha simu, nyimbo zikapotea, na lawama zote zikaja kwa kwaya, maana wao hawamjui mwenye mfumo, wananijua mimi ninayekaa nao benchi moja kila Jumapili. Tuliachana nao. Sasa tunauza flashi mlangoni baada ya ibada, nyimbo zikiwa wazi, kila flashi ina picha ya kwaya na namba ya simu ya kununulia nyingine. Zinanakiliwa, ndiyo. Hata hivyo mauzo yetu ni bora kuliko wakati wa kufuli, na watu wa Ludewa na Mafinga wanatupigia kutuagiza kwa sababu walisikia nakala ya jirani.

Wakubwa wa muziki duniani nao walifika huko huko. Kampuni ya EMI waliondoa kufuli kwenye nyimbo zao mwaka 2007, na mwaka 2009 Apple walitangaza kwamba nyimbo zote za duka la iTunes zitauzwa bila kufuli. Biashara haikufa. Kinachonishangaza ni kwamba video na vitabu vimebaki vilevile.

Niongeze jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tangu mwaka 2023 kuna tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi na kunakili kazi za sanaa, na lengo lake ni kutufidia sisi kwa nakala ambazo watu hutengeneza. Fedha zikitufikia ni suala jingine ambalo siwezi kulimaliza hapa bila kukasirika. Lakini ikiwa mnunuzi wa kifaa tayari anatozwa kwa sababu inadhaniwa atanakili, kisha video anayonunua inamkataza kunakili, basi analipia ruhusa ambayo hapewi.

Mkutubi Mstaafu, Iringa

Mwanangu Mwalimu, nimefanya kazi maktaba kwa muda mrefu na nitakuwa mfupi.

Kitabu cha karatasi nilikinunua mara moja, nikakiazimisha hadi jalada likachanika, nikakishona na kukiazimisha tena. Mwaka 2011 wachapishaji HarperCollins waliziambia maktaba za Marekani kwamba kitabu cha kidijitali kikishaazimwa mara 26 leseni inakufa na maktaba inunue upya. Tangu siku hiyo sikuamini tena neno lolote la muuzaji kuhusu urahisi wa kidijitali mpaka nisome masharti.

Kabla kamati haijatoa fedha nyingine, tumieni vilivyo huru. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada visivyolipiwa. Kuna mfumo uitwao Kolibri, uliotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti: unapakua masomo mara moja ukiwa mjini, yakiwemo ya Khan Academy (masomo ya bure ya video na mazoezi), unayaweka kwenye kompyuta ya shule, na kompyuta nyingine au simu za darasani zinayasoma kutoka kwenye hiyo bila bando. Majaribio ya PhET, yale ya kuigizwa kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado nayo yanapakuliwa bure, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Programu ya Kiwix itakupa Wikipedia nzima kwenye diski. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachokuuliza kama kompyuta ni ile ile. Kwa Fizikia ya Kidato cha Tatu na cha Nne, saketi za umeme za PhET zinatosha kabisa, tena mwanafunzi anazigusa mwenyewe badala ya kutazama mtu mwingine akizigusa. Kemia ina mapengo, sitakudanganya, hasa kwenye uchanganuzi wa chumvi ambao watoto wanafanyia mtihani wa vitendo.

Mwalimu wa Matamba

Marahaba Fundi, na shikamoo Mama Mkutubi. Asanteni wote kwa majibu ambayo sikuyatarajia kwa kina hiki.

Niliandika kama alivyoelekeza Fundi, nikaongeza aya ya Wakili kuhusu tangazo na picha ya ukurasa wao. Baada ya siku chache nilijibiwa na mtu mwenye cheo kikubwa zaidi kwamba vifaa vyote vimefutwa, kwa upendeleo na kwa mara moja tu. Video zimefunguka kwenye kompyuta mpya. Halafu nikaunganisha projekta, na ikawa kama Fundi alivyotabiri: sauti inasikika, ukuta mweusi. Kwa sasa wanafunzi 52 wanagawana kioo cha inchi 15, tunaingia kwa mafungu huku wengine wakifanya mazoezi nje.

Kamati imekaa. Wamekubali kwamba bidhaa yoyote ya kidijitali itakayoletwa mezani itajaribiwa kwanza kwa kuzima intaneti na kuhamishia faili kwenye kompyuta ya pili mbele ya wajumbe, na ikigoma hailipiwi. Mjumbe mmoja, mfanyabiashara wa viazi, alihoji kwa nini tusidai fedha zirudishwe badala ya kuendelea kubembeleza, na sikuwa na jibu zuri la kumpa kwa sababu muda wa kudai uliowekwa kwenye masharti ulikwisha kupita. Wakili, kama muda huo unaweza kupingwa, naomba uniandikie pembeni. Fundi, nitashuka Mbeya Jumamosi kufuata Kolibri. Je, kuna kiunganishi kinachokubalika na hizo HDCP, au ninunue projekta nyingine?

Fundi Mwanjelwa

Usinunue projekta, Mwalimu. Kuna viunganishi vinavyopita na vingine havipiti, na maandishi ya kwenye boksi hayaaminiki, kwa hiyo lazima tujaribu kwa vitendo na video zenu zenyewe. Njoo na kompyuta, projekta pamoja na waya wake, na ile diski. Uhakiki leseni kilimani kabla hujaondoka, tusije tukafika hapa nayo imeisha. Diski ya Kolibri iwe na nafasi ya kutosha, kama una ya GB 500 inatosha kwa masomo ya sekondari.